Gitaa Lililopakwa Nta

Nyumbani, Sikonge

Kalunde mwanangu,

Marahaba. Naanza kuitikia mimi, kwa sababu ungekuwa hapa ungeshasema shikamoo yako ile ya haraka haraka, huku unavua viatu mlangoni na kuuliza jikoni kuna nini. Mzazi akikaa muda mrefu bila kuitikia shikamoo ya mwanawe mdomo unakuwa mzito, nimeliona hilo kwangu mwenyewe. Kwa hiyo marahaba, Mayo. Bado nakuita Mayo, yaani mama, kwa kuwa jina lako ni la mama yangu. Zamani mama yako alikuwa ananikemea, eti namzeesha mtoto. Sasa hanikemei. Siku hizi hasemi mengi.

Naandikia kwenye meza ileile uliyokuwa unasahihishia madaftari ya wanafunzi wako wa Ulyankulu. Mwandiko wangu unaujua. Ungechukua kalamu nyekundu ukaninyima vema zote, ukaandika pembeni, "Rudia." Haya, nitarudia siku nyingine. Leo nina habari ya kukupa, na najua utakasirika.

Boksi limefunguliwa.

Ulikataza. Nakumbuka vizuri, usidhani nimesahau. Uko kitandani pale hospitali mjini Tabora, selimundu yako ile imekushika kuliko safari zote, midomo imepasuka kwa kukauka, na jambo la kwanza uliloniuliza ulipofumbua macho ni, "Baba, boksi limefika?" Nikakwambia limefika na basi kutoka Dar, nimelifunga kwenye baiskeli kutoka stendi mpaka nyumbani, liko juu ya kabati. Ukatabasamu. Ukasema, "Msilifungue bila mimi. Likizo ikifika tutakaa uwanjani tulitengeneze. Wewe una mikono, mimi nina masikio."

Likizo ilifika, Kalunde. Shule zikafungwa, nikawaona walimu wenzako wanashuka kwenye basi na mabegi yao. Nilisimama pale barabarani kama mjinga, nikihesabu nyuso, na huku nilikuwa nimekuzika kwa mikono yangu.

Mimi gitaa lile la kwenye boksi nililibishia tangu siku ya kwanza. Nilikuuliza, nani ananunua gitaa vipande vipande? Mtu akinunua baiskeli anapewa na magurudumu yake! Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema la dukani ni la kila mtu, hili litakuwa la kwetu, kama galoni. Hapo ulinimaliza, maana galoni lilikuwa kazi yangu mimi.

Unalikumbuka galoni? Ulikuwa hata meno ya mbele huna. Nikachukua galoni la mafuta ya kupikia, nikalichomeka kipande cha mninga kikawa shingo, nikavuta nyaya za breki za baiskeli zikawa nyuzi. Lilikuwa na sauti ya mbuzi aliyekabwa. Lakini wewe ulilishika kama umepewa ufalme, na kila ukitaka kulikaza ulipiga kelele kutoka uwanjani, "Mama, nipe sauti!" Na mama yako, yuko jikoni, anasonga ugali, hata hageuki, anaitoa ile sauti. Aaaa. Moja tu, imenyooka. Wewe unakaza waya huku unaisikiliza. Ukikosea anakwambia, "Iko chini." Ukizidisha anakwambia, "Umepitiliza, rudi." Ukifika, anasema, "Hapo." Basi, kazi imekwisha. Mwalimu wa kwaya alipoletewa kinanda kanisani alimjaribu mama yako mbele ya watu, akamwambia aitoe ile sauti, kisha akabonyeza, na sauti ya mama yako ilikuwa palepale. Siku ile nilitembea kanisani kifua mbele, kana kwamba ni mimi niliyeimba.

Sasa nikwambie jambo ambalo limenikaba tangu tukuzike. Mama yako haimbi.

Hakuimba hata makaburini. Kwaya nzima ilikuimbia, sauti ya pili ikapwaya, watu wakageuka kumtazama, naye amefumba mdomo kama mtu aliyejaza maji kinywani. Nilidhani ni siku ile tu. Lakini Jumapili zikaja zikapita, anasimama na wenzake, kitabu kimefungwa mkononi. Nyumbani ndiyo usiseme. Yule mwanamke aliyekuwa anaimba akitwanga, akifua, akichambua mlenda, akigombana na kuku, sasa anafanya yote hayo kimya. Nilimuuliza. Akanijibu, "Imekauka, Baba Kalunde. Usinisumbue." Nyumba yetu inatisha, mwanangu. Nasikia kijiko kikigusa sufuria nashtuka.

Na boksi, usinilaumu mimi, mlaumu shangazi yako. Tulipomaliza matanga ndugu wakakaa kugawana vitu vyako kama desturi ilivyo. Vitenge vilikwenda, viatu vilikwenda, lile koti lako la bluu alilichukua binamu yako, na linambana. Shangazi yako wa Usinge akanyoosha kidole juu ya kabati. Kabla sijafungua kinywa kisu kimeshapita kwenye gundi ya karatasi. Akachungulia. Akatoa ubao mmoja mwembamba kama chapati, akaugeuza huku na huku, akasema, "Ala! Kumbe mbao tupu?" Akaurudisha akaomba redio badala yake.

Nilimfokea dada yangu mbele ya watu, mbele ya mchungaji. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikalibeba boksi lako nikaenda nalo nyuma ya banda, nikakaa chini, nikalia. Harufu ya mbao ilikuwa inatoka mle ndani, mbao za nchi nyingine, miti nisiyoijua. Nikasema, kama wamelifungua, basi nitalitengeneza. Kwa sababu nilijua jambo moja. Gitaa likikamilika litahitaji kukazwa, na mimi masikio sina. Mwenye masikio amebaki mmoja tu nyumba hii. Itabidi atoe sauti.

Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu yote. Sikutaka gitaa, Kalunde. Nilitaka sauti ya mama yako.

Basi nikaanza. Ulisema nina mikono. Ndiyo, mikono ya kuchonga mizinga na kupanda miti na kulina asali huku nyuki wananila masikio. Lakini kazi hii ni nyingine kabisa. Kwenye mzinga ukikosea kidogo unaziba kwa udongo na nyuki wanamalizia wenyewe. Hapa ukikosea hata unene wa ukucha kitu kinakucheka. Yalikuja makaratasi ya maelekezo, ya Kiingereza matupu, mimi nikafuata michoro. Mbavu za gitaa, zile mbao za ubavuni, zilikuja zimeshapindwa, nikashukuru Mungu. Uso wake, ule ubao mweupe wa mbele wenye tundu la mviringo, nilikuwa naushika kwa vidole viwili kama mtoto mchanga. Kwenye michoro walionyesha vibanio vingi vya chuma vya kubana mbao gundi inapokauka. Mimi vibanio nitavitoa wapi? Nikachana tyubu kuukuu za baiskeli, nikalizungushia gitaa lote, nikavuta nikavuta, mpaka likawa kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Ungeliona ungecheka. Mama yako alipita na ndoo, akaliangalia, akaendelea na safari yake.

Shingo niliiweka upande mara ya kwanza. Nikaitoa kabla gundi haijashika, nikaosha, nikaweka tena. Msasa uliniunguza vidole. Siku nyingine nilikaa tu nimelipakata bila kufanya kitu, nikakwambia habari za hapa, mvua zimechelewa, mbwa amezaa. Majirani walianza kunong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa. Wanong'one.

Halafu nikafanya kosa, kosa la mtu wa nyuki.

Wewe umekulia kwenye mizinga, unajua tunavyofanya. Mzinga mpya huuning'inizi hivi hivi mtini. Unayeyusha nta, unaupaka ndani, unaupitisha kwenye moshi, ili unukie nyumbani, nyuki wakipita wajue hapa panakalika. Mzinga mkavu wataupita mwaka mzima. Basi siku lile tumbo la gitaa lilipokauka, nikalifungua tyubu, nikaligonga kwa kidole likaitika mmm. Nikalitazama lilivyo tupu. Na mkono wangu, bila hata kuniuliza, ukaenda kwenye kopo la nta.

Nilipaka ndani, vidole vikipita kwenye tundu. Nikapaka na nje, uso mzima, nikausugua kwa kitambaa mpaka ukang'aa. Nikaupitishia moshi kidogo wa magome. Nilijua ninachofanya, mwanangu, sikuwa mlevi. Nilikuwa nakuita. Nilisema moyoni, kama anapita mahali, asikie harufu, ajue ni hapa. Mtu mzima na mvi zake anamtegea mtoto wake kama anavyotega nyuki. Ndivyo ilivyokuwa, na sioni haya kukwambia wewe.

Juu ya nta ile ndipo nikabandika daraja, kile kipande cheusi kinachoshika nyuzi chini. Gundi nyingi, tyubu, jiwe juu yake. Nikaacha mpaka nikaridhika.

Siku ya kuweka nyuzi nilimwita mama yako. Alikuwa amekaa kivulini anapepeta. Nikamwambia, "Mama Kalunde, limekamilika. Nipe sauti."  Nikamwambia tena, nikaongeza, "Tafadhali." Kwa miaka yote tuliyoishi, neno hilo sijui kama amelisikia kwangu. Akaweka ungo chini. Akanitazama muda, akalitazama gitaa, akafumba macho.

Na akaitoa, Kalunde. Ilitoka imekwaruza, inatetemeka, si ile unayoijua wewe, lakini ilitoka!  Nikakaza uzi. Nikakaza wa pili. Sauti yake ikawa inanyooka, inapata nguvu, na mimi nakaza, nakaza, nasema moyoni leo, leo, leo.

Daraja likang'oka. Lililia kama tawi kavu linapokatika. Uzi ukanichapa shavuni, daraja likaruka mpaka miguuni pake. Sauti yake ikakatika palepale. Alikiangalia kile kipande cheusi pale mchangani, kisha akaokota ungo wake akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Tangu siku hiyo hata salamu zikawa za kichwa. Nilimwona amekonda. Nikasema, umefanya nini wewe mzee, umemfungulia mwenzako kidonda halafu umemmwagia pilipili.

Nilibeba gitaa mpaka kwa seremala, yuleyule aliyetengeneza jeneza lako. Sikupenda kurudi pale, lakini ningekwenda wapi? Alilishika, akapitisha kidole pale daraja lilipokuwa, akanusa. Akaanza kucheka. "Mzee wangu, umelipaka nta? Gundi haishiki juu ya nta hata siku moja. Hili ni gitaa, si mzinga." Halafu akaniona uso, akaacha kucheka. Akaniuliza la nani. Nikamwambia. Akaniletea kigoda, akanivunjia kipande cha chupa, akanionyesha namna ya kukwangua bila kuchubua ubao. Alisema nikwangue mpaka ubao ubaki mtupu, mweupe, usiwe na harufu yoyote. Hapo ndipo daraja litashika.

Nilikwangua pale pale, kwenye karakana yake. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Kila nikivuta kile kioo, nta inatoka kidogo kidogo, inajikunja, inaanguka mapajani kwangu, na mimi naona nakufukuza. Nimekuita mwenyewe, sasa nakufukuza mwenyewe. Seremala alijifanya ana kazi upande wa pili. Nilipomaliza uso ulikuwa mkavu, hauna habari na mtu. Lakini ndani sikugusa. Aliniuliza na ndani je, nikamwambia ndani hakuna daraja, ndani niachie mimi.

Nikabandika upya. Safari hii sikumwita mama yako. Ningemwitaje? Nilikaa uwanjani peke yangu, jioni, yeye yuko jikoni anapika mlenda. Nikaanza kukaza taratibu, nimegeuza uso pembeni nikisubiri kipigo. Daraja halikutikisika. Nikagusa uzi. Ukalia. Sikujua kama umelia sawa au vibaya, nilijua umelia tu. Nikagusa tena. Nikagusa tena.

Jikoni likatoka neno, "Iko chini."

Nilisimamisha mkono. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikakaza kidogo, nikagusa.

"Bado."

Nikakaza.

"Umepitiliza, rudi."

Nikarudi, vidole vimejaa jasho. Nikagusa.

"Hapo."

Hakuitoa sauti, mwanangu, nisikudanganye. Alisema tu. Alisema kama anavyosema chumvi imezidi. Lakini tulikwenda hivyo, uzi kwa uzi, yeye ndani mimi nje, mpaka zote zikakaa, na mlenda ukaungua. Kisha akatoka, mikono ina unga. Akasimama juu yangu. Akainama mpaka pua ikafika kwenye lile tundu, akavuta pumzi. Akakaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka macho yalikuwa mekundu, akasema, "Umemwachia nta." Akarudi kwenye sufuria yake.

Kwa hiyo limekamilika, Kalunde. Vijana wa kwaya walikuja kuliomba, wakasema litafaa kanisani, na kweli lingefaa. Nimewanyima. Waniite mchoyo. Limening'inia ukutani juu ya kitanda chako, na hakuna anayelipiga, maana mimi sijui na mama yako hataki kulishika. Mpigaji wake ni wewe. Kila nikilitazama naona limekosa mtu, kama ule mzinga wangu wa porini ulio mzuri kuliko yote na nyuki hawakuingia. Nta ile haikukuleta. Nilijua haitakuleta.

Ila nina siri moja, na nakwambia wewe tu. Nyuzi za gitaa hulegea zenyewe kidogo kidogo, seremala aliniambia, si mbaya. Kila Jumamosi jioni nalitoa uwanjani kulikaza, na mama yako ananisahihisha kutoka jikoni. Iko chini. Bado. Hapo. Ndiyo mazungumzo yetu makubwa ya wiki nzima. Lakini juzi nilikuta nyuzi hazijalegea, zimekaa vizuri, hata mimi nisiye na masikio niliona. Nikageuka nikamwangalia yule mama wa watu mlangoni, amejifuta mikono, anasubiri. Basi nikajifanya nakaza, nikashika zile funguo za kichwani mwa gitaa, nikazilegeza nyuzi zote, moja baada ya nyingine.

Nadhani aliniona.  Aliingia jikoni, akangoja nianze.

Mwanangu, nimechoka, taa inaishiwa mafuta na mkono umekufa ganzi. Pumzika. Sikuombi urudi tena, nimeacha mambo ya kutega. Nakuahidi hili moja. Nitaendelea kuzilegeza Jumamosi hadi Jumamosi, na nitazikaza vibaya kwa makusudi, vibaya sana, mpaka siku mama yako atakaposhindwa kuvumilia ujinga wangu, akaacha kunisahihisha, akaitoa ile sauti mwenyewe. Siku hiyo hutahitaji barua. Utaisikia huko uliko.

Marahaba, Mayo. Lala.

Baba yako